Antena ya nguzo ya maji: kunasa redio kwa maji ya bahari ufuoni Malindi

Maji ya bahari hupitisha umeme. Ukiyarusha juu yakasimama wima kama fimbo, wimbi la redio litayatambaa kama linavyotambaa kwenye fimbo ya shaba. Tofauti ni ukinzani. Shaba inapitisha umeme mara milioni kumi hivi zaidi ya maji ya bahari, kwa hiyo waya mwembamba wa shaba ni antena nzuri, lakini nguzo ya maji yenye unene uleule haifai kitu. Nguzo ya maji lazima inenepe. Unene unataka pampu, na pampu inataka hesabu, ndiyo maana kazi hii inamhitaji fundi bomba kabla ya fundi redio.

Wazo lenyewe limeshajaribiwa na wakubwa. Kituo cha utafiti cha jeshi la majini la Marekani kilichoko San Diego kilirusha maji ya bahari kupitia pete ya feraiti (kauri yenye oksidi ya chuma, inayoshika sumaku), kikapata antena ambayo meli inaweza kuizima kwa kufunga pampu na kubadilisha masafa yake kwa kupandisha au kushusha maji. Kwa masafa ya chini kabisa nguzo yao ilihitaji kupanda mita 24 hivi. Januari 2016 kampuni ya Mitsubishi Electric ya Japani ilionyesha ya kwake, SeaAerial, na kusema ufanisi wake unafika asilimia 70. Hapa tunajenga ndogo kuliko zote hizo: sentimita 72, ya kusikiliza FM, kwa betri ya gari.

Hesabu inayochagua pampu

Antena ya wima ya robo wimbi, yaani yenye urefu wa robo ya wimbi la redio, kwenye megahezi 100 ina urefu wa sentimita 75 kwa hesabu kavu. Punguza kidogo kwa sababu ya unene, utabaki na 72. Usisumbukie sentimita mbili tatu. Ukinzani wa maji unaifanya antena hii iwe pana sana, na nguzo moja inatosha kutoka 88 hadi 108.

Unene ndio wenye maneno. Maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida, gramu 35 kwa lita, hupitisha siemensi 5 hivi kwa kila mita. Kwa nguzo ya sentimita 72, sehemu ya nguvu inayogeuka wimbi badala ya kuyapasha maji joto ni kama ifuatavyo:

Kipenyo milimita 10: asilimia 4.
Kipenyo milimita 20: asilimia 14.
Kipenyo milimita 30: asilimia 26.
Kipenyo milimita 40: asilimia 39.

Kupita milimita 40 faida inaanza kupungua, maana kwenye megahezi 100 umeme wa redio hauingii ndani ya maji ya bahari zaidi ya sentimita mbili na kitu. Maji ya katikati ya nguzo nene huwa yanapanda bure.

Sasa tazama upande wa pampu. Ili maji yapande sentimita 65 juu ya mdomo wa bomba, lazima yatoke kwa kasi ya mita 3.6 kwa sekunde. Mdomo wa milimita 20 kwa kasi hiyo hula lita 67 kwa dakika, yaani lita 4,000 kwa saa. Mdomo wa milimita 40 hula mara nne ya hizo: lita 16,000 kwa saa. Kazi hiyo pampu ya betri haiwezi, na pampu ya petroli inaweza ila plagi yake inacheche, na cheche zile zitakupigia kelele redioni kuliko kituo chochote unachotafuta. Kwa hiyo tunakaa kwenye milimita 20, tunakubali asilimia 14, kisha tunarudisha sehemu ya hasara kwa njia nyingine itakayoelezwa mbele, ya chumvi. Asilimia 14 inasikika kama aibu, lakini kwa masikio ni desibeli 9 chini ya fimbo ya shaba. Kituo cha karibu hakitaonyesha tofauti yoyote. Cha mbali kitaonyesha.

Anza na bomba lililofungwa

Kabla ya kununua pampu, pima kama maji yako yanafaa. Kata bomba la PVC la sentimita 72 lenye tundu la ndani la milimita 20. Ziba chini kwa kifuniko kilichotobolewa katikati, pitisha bolti ya chuma kisichoshika kutu yenye waya uliofungwa nje, ziba kwa silikoni, acha ikauke usiku kucha. Jaza maji ya bahari mpaka juu, gonga bomba kwa kidole ili mapovu yapande, kisha ziba juu. Tandaza nyaya nne za shaba za sentimita 72 kila moja, msalaba, chini ya bomba. Waya wa kati wa kebo ya antena unakwenda kwenye bolti, na wavu wa kebo unakwenda kwenye zile nyaya nne. Hiyo tayari ni antena ya maji, na inafanya kazi bila tone kumwagika.

Ijaze tena kwa maji ya mfereji uone. Ishara itaporomoka, kwa sababu maji ya kunywa hupitisha umeme mara mia moja hivi chini ya maji ya bahari. Jaribio hili lina umuhimu wake Malindi hasa. Mto Sabaki ukifurika, na kaskazi ikisukuma yale maji mekundu kusini kuelekea ghuba, unachochota ufuoni huwa ni mchanganyiko. Kipimo rahisi: chemsha lita moja kamili mpaka ikauke, kisha pima chumvi iliyobaki kwa mizani ya jikoni. Ikiwa ni gramu 35 au karibu yake, chota. Ikiwa 20, ngoja maji yajae, au nenda upande wa kusini mwa mji. Usitumie mita ya fundi umeme kupima ukinzani wa maji. Umeme wa betri yake unajenga mapovu kwenye ncha za nyaya, namba inakimbia kila ukiitazama, na hakuna namba moja kati ya hizo iliyo ya kweli.

Kwa nini waya hauunganishwi kwenye maji

Mtu akishaona bomba lililofungwa linafanya kazi, fikra inayofuata ni kuweka mdomo wa shaba kwenye pampu, kulehemu kebo hapo na kuwasha. Haifanyi kazi vizuri, na sababu yake iko chini ya mdomo, kule usikotazama. Yale maji yanayopanda ndani ya mpira kutoka kwenye beseni nayo ni waya. Kipande cha sentimita 15 cha bomba la milimita 25 lililojaa maji ya bahari kina ukinzani wa omu 60 tu, ilhali nguzo iliyo juu ya mdomo inaonekana na redio kama omu 260. Umeme hupita penye nafuu: unashuka kwenye beseni, hauendi juu. Mpira mwembamba na mrefu ungezuia hilo, lakini mpira mwembamba unaiua pampu.

Dawa ni kuacha kupigana na ukweli huo. Acha maji yaungane na beseni, hesabu nguzo nzima kuanzia uso wa maji ya beseni, kisha ichokoze kwa pete ya feraiti iliyovishwa kwenye shingo ya bomba. Pete ni transfoma. Waya wako ni upande mmoja wa transfoma, na nguzo ya maji inayopita katikati ya pete ni upande wa pili. Hakuna chuma kinachogusa maji, wala hakuna cha kuliwa na kutu.

Vifaa

Pampu ya ngama ya volti 12, ile ya kuzamishwa inayotumika kwenye boti badala ya kufua maji kwa upo. Chagua iliyoandikwa galoni 2000 kwa saa, yaani lita 7,500. Usidanganywe na hesabu kwamba unahitaji 4,000 tu. Namba ya kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa haina mpira, haina kona na haipandishi kitu. Nusu ya namba hiyo ndiyo utakayoiona mdomoni. Pampu hii hula ampea 8 hadi 10, kwa hiyo weka fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, na betri ya gari ya ampea-saa 40 itakupa saa mbili kabla ya kuanza kuiumiza.

Pete mbili za feraiti zenye kipenyo cha nje milimita 61 na tundu la milimita 35, zinazouzwa kwa jina FT240. Feraiti ya aina iitwayo 61 ndiyo inayofaa zaidi masafa haya. Aina ya 43 inakula sehemu ya ishara, lakini kwa kusikiliza tu inavumilika. Hadiwea za Malindi hazina. Agiza Nairobi kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue au mtandaoni. Pete nene iliyoko shingoni mwa kioo cha televisheni ya zamani inafaa kwa masafa ya chini ya megahezi 30, hapa itakuangusha, na isitoshe kioo kile hubaki na umeme mkali siku nyingi baada ya kuzimwa, kwa hiyo mwachie fundi aitoe.

Beseni la plastiki la lita 60 au zaidi, pana, lenye kina cha sentimita 25 au zaidi. Bomba la PVC la milimita 75, urefu sentimita 20, na vifuniko vyake viwili. Bomba la PVC la milimita 25, urefu sentimita 15. Mirija ya soda, kama 150. Waya wa shaba wenye ganda, unene milimita 1. Kebo ya antena mita 5. Chupa ya soda ya lita mbili. Silikoni, gundi ya PVC, tepu nyeusi, na kapasita ya kauri ya nanofaradi 100.

Redio yoyote yenye tundu la antena ya nje inatosha, hata redio ya gari. Anayetaka kuona namba badala ya kubahatisha kwa sikio atumie kidude cha SDR, yaani redio inayoendeshwa kwa programu, cha kuchomeka kwenye kompyuta. Redio ya kawaida inajirekebisha sauti yenyewe, na sikio halitajua kama ishara imeshuka nusu.

Kutengeneza mdomo

Hapa ndipo pa kutumia muda. Maji yanayotoka kwenye pampu yanazunguka kama kizibo cha chupa kinavyozungushwa, na yakiachwa hivyo yatapasuka sentimita 20 juu ya mdomo. Nguzo iliyopasuka ni matone, na matone hayapitishi umeme. Tazama mrusho mzuri kwa karibu: unatoka mdomoni laini na mwangavu kama kioo cha taa, unaona ukungu wa nyumba za ng'ambo kupitia ndani yake, na ukiugusa pembeni kwa ncha ya kisu unachora mfereji usiofika katikati. Pale unapoanza kuwa mweupe, hewa imeingia. Antena yako inaishia hapo hapo, hata kama maji yanaendelea kupanda.

Bomba la milimita 75 ndilo chumba cha kutuliza maji. Toboa kifuniko cha chini kupokea mpira wa pampu. Weka duara la wavu wa plastiki sentimita 3 juu ya tundu hilo, kisha panga mirija ya soda wima, imebanana, mpaka chumba kijae kwa upana wake. Iwe na urefu wa sentimita 12, yote sawa. Wavu mwingine juu yake uizuie isipande. Acha sentimita 4 tupu, kisha kifuniko cha juu. Kifuniko hiki kitobolewe katikati kipokee shingo ya milimita 25, na ncha ya juu ya shingo ivishwe kidonge cha plastiki ngumu chenye tundu la milimita 20 kamili. Ukingo wa tundu uwe mkali. Piga tupa, malizia kwa msasa laini, pitisha ukucha kuzunguka: ukikwama popote, nguzo itapinda upande huo.

Gundisha kila kitu isipokuwa kifuniko cha juu cha chumba. Hicho kibane kwa skrubu na mpira wa kuzuia maji, kwa sababu mirija inaziba kwa mwani na mchanga na utalazimika kuifungua kila wiki.

Pete na waya

Vuta pete ya kwanza kwenye shingo, ikae sentimita 3 juu ya uso wa maji ya beseni. Pitisha waya mara moja tu kati ya pete na bomba, urudi nje ya pete. Huo ni mzunguko mmoja. Pete ya pili ikae juu ya ya kwanza, nayo ipate mzunguko wake mmoja, uelekeo uleule. Sasa unganisha nyaya hizo mbili sambamba: ncha za juu zote mbili kwenye waya wa kati wa kebo, ncha za chini zote mbili kwenye wavu wa kebo. Nyaya za kuunganisha zisizidi sentimita 3, maana sentimita 5 za waya mtupu kwenye megahezi 100 ni kizuizi cha omu 30 peke yake.

Pete mbili zina sababu. Kila moja inaisukuma nguzo kwa voltiji ileile, na kwenye maji zinajumlishana, kwa hiyo omu 260 za nguzo zinaonekana kwenye kebo kama robo yake, 65. Kebo ya omu 50 au 75 inazipokea bila ugomvi. Pete moja ingeziacha zile 260 kama zilivyo. Ukikosea uelekeo wa waya mmoja, pete zinapingana, ishara inakufa kabisa, nawe utalaumu maji.

Funika pete kwa tepu kisha silikoni. Kata chupa ya soda, chukua nusu ya juu, pasua shingo yake iingie kwenye bomba, na uiweke juu ya pete kama mwavuli. Maji yanayorudi yatateleza nje. Kisha zungusha kebo yenyewe mara tano kwenye pete nyingine ya feraiti au bana klipu kadhaa za feraiti karibu na beseni. Bila hiyo, nje ya kebo inakuwa antena na unasifia maji kwa kazi ya shaba.

Kapasita ya nanofaradi 100 ilehemiwe kati ya nyaya mbili za pampu, karibu na pampu kadiri itakavyowezekana mahali pakavu, na nyaya zisokotwe kutoka hapo mpaka kwenye betri. Redio iwe na betri yake. Ukizilisha betri moja, kelele za brashi za mota zitapita huko.

Ufuoni

Fukia beseni kwenye mchanga mbichi, pale ambapo maji yalikupwa muda si mrefu, mpaka ukingo ubaki sentimita 5 juu. Mchanga uliolowa maji ya bahari unashika nafasi ya zile nyaya nne za shaba, na plastiki nyembamba ya beseni haizuii masafa haya. Ukiwa barazani au darini, ambako hakuna mchanga mbichi, rudisha nyaya nne: ncha moja ndani ya maji, zilizobaki zitandazwe nje.

Weka pampu chini kabisa ya beseni, na maji yawe sentimita 15 juu ya mdomo wake wa kunyonya. Yakipungua, kinatokea kizunguzungu kinachofyonza hewa, nguzo inageuka maziwa. Weka pimamaji kwenye chumba cha kutuliza, kisha makusudi kiinamishe kidogo, nyuzi tatu hadi tano. Nguzo iliyosimama wima kabisa inajiangukia yenyewe na kujivunja. Iliyoinama kidogo inaangukia pembeni.

Upepo ni adui wa kweli. Kusi ya Juni hadi Agosti inailaza nguzo ifikapo saa nne asubuhi, na maji yote yanaishia nje ya beseni. Fanya kazi alfajiri, saa kumi na mbili hadi saa mbili, au ngoja maleleji. Angalia pia jedwali la maji. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu hivi, na beseni lililofukiwa maji yakiwa yamekupwa litafunikwa ukiwa unalehemu.

Zungumza na BMU ya mahali, kile kikundi cha kusimamia ufuo, kabla ya kutandaza nyaya pale wavuvi wanapovutia ngalawa. Eneo la hifadhi ya bahari ya Malindi liko chini ya KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, na lina masharti yake. Usifanye majaribio humo bila ruhusa. Na usilete umeme wa volti 240 karibu na beseni hili kwa sababu yoyote, hata pampu iandikwe nini. Mawingu ya radi yakionekana, zima, ondoka.

Kupima

Jaza debe la lita 20 kutoka mdomoni. Likijaa kwa sekunde 18, kasi iko sawa. Likichukua 25, tafuta kona kali kwenye mpira, uchafu kwenye mirija au betri iliyochoka.

Simamisha fimbo ya mbao yenye alama kando ya nguzo. Sehemu angavu, ukihesabu kutoka uso wa maji ya beseni, iwe 72: sentimita 15 za shingo na 57 za maji yanayoruka. Kilele kitapita juu ya hapo na kusambaa kama uyoga, hicho usikihesabu. Kumbuka pia maji yanapunguza mwendo kadiri yanavyopanda, na yakipunguza mwendo yananenepa, kwa hiyo nguzo halisi ina nafuu kidogo kuliko hesabu ya asilimia 14.

Chagua kituo hafifu, cha mbali, kile kinachosikika kwa mkwaruzo. Soma nguvu yake pampu ikiwa imewashwa, kisha zima pampu. Ishara isiposhuka, kebo ndiyo inayosikiliza. Rudi kwenye feraiti za kebo. Ishara ikishuka na kelele nazo zikishuka, hujui bado. Washa pampu huku ukizuia mrusho kwa kuukinga na kifuniko cha sufuria ya plastiki palepale mdomoni: mota inazunguka, nguzo haipo. Kelele unazosikia sasa ni za mota peke yake. Mwisho simamisha fimbo ya shaba ya sentimita 72 mahali pa nguzo, chini yake imezamishwa ndani ya maji ya beseni kupitia pete moja tu, ya pili ikiwa imeondolewa, ulinganishe. Tofauti ya desibeli 8 hadi 10 ni haki. Ikizidi 15, nguzo imekatika mahali ambapo jicho halioni.

Wenye NanoVNA, kile kipimo kidogo cha antena, wasifurahie mapema namba nzuri ya SWR, yaani namba inayoonyesha antena inavyolingana na kebo. Ukinzani wa maji unaisawazisha namba hiyo, kama vile balbu ya majaribio inavyotoa SWR nzuri bila kurusha chochote. SWR inakwambia redio imeridhika. Kwamba wimbi linatoka, itakwambia ile fimbo ya shaba uliyolinganisha nayo.

Chumvi zaidi

Kwa kuwa maji yanazunguka ndani ya beseni, si lazima yabaki maji ya bahari. Kaskazini ya Malindi, Gongoni na Marereni, kuna mashamba ya chumvi, na chumvi ya mawe hupatikana kwa gunia. Ongeza gramu 80 kwa kila lita ya maji ya bahari, yaani kilo 4.8 kwa lita 60. Koroga mpaka yasibaki mawe chini, chuja kwa kitambaa. Upitishaji unapanda mara tatu hivi, na nguzo ileile ya milimita 20 inatoka asilimia 14 hadi 32 bila kugusa pampu. Hakuna badiliko jingine lolote linalolipa kama hili.

Ukiendelea mpaka maji yagome kuyeyusha, gramu 360 kwa lita ya maji matamu, unafika mara tano ya bahari na asilimia 44. Lakini hapo umetumia karibu kilo 22 za chumvi kwa beseni moja, maji yamekuwa mazito kwa moja ya tano, pampu inakula ampea zaidi, na kila kona inayokauka inaota fuwele zinazokwaruza kizibo cha pampu. Sisi tunaishia kwenye gramu 80. Kadiri chumvi inavyoongezeka ukinzani wa nguzo unashuka, kwa hiyo kwenye maji mazito kabisa ondoa pete moja, itakaa vizuri zaidi. Ukimaliza, mwaga baharini maji yakiwa yanakupwa. Usimwage chini ya mnazi wala karibu na kisima.

Kurusha

Kusikiliza FM hakuhitaji kibali. Kurusha kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mwenye leseni ya redio za ridhaa anaweza kuitumia nguzo hii kwenye megahezi 144 hadi 146 kwa kuishusha iwe sentimita 49 kutoka uso wa maji. Kwa kuwa imefupika, ukinzani wake unapungua, omu 190 zinagawanywa na pete mbili kuwa 48, na ufanisi kwa maji ya kawaida ya bahari ni asilimia 19. Redio ya mkono ya wati 5 itatoa wati moja hivi hewani. Pete ziwe aina ya 61 tu, kwa kuwa za 43 zitapata moto. Usiitegemee nguzo hii kwa redio ya boti kwenye chaneli 16, ile ya dharura baharini. Mota ikizimika, au betri ikiisha, antena haipo, na hiyo ndiyo siku utakayoihitaji.

Kila ukimaliza, badilisha maji ya beseni kwa maji matamu, washa pampu dakika tano, kisha igeuze itoe yote. Fungua chumba, piga mirija kwenye kiganja itoke mchanga, ianike kivulini. Juani inajikunja, na mirija iliyojikunja hairudi.